Daftari la Nyumba ya Wiyoni

Kurasa za mwanzo ni punda tu:
punda kumi na wawili wa mchanga, punda wanane wa mawe,
punda mmoja aliyegoma penye mtaro wa Gadeni
akaimwaga chokaa yangu yote, na mvua ikaja.
Hiyo nimeiandika kwa wino mwekundu.

Miaka saba nimejenga kama mtu anayekula muwa,
pingili moja, kisha meno yapumzike.
Mshahara wa ualimu ukiingia, ukuta unapanda.
Karo ya Thureya ikifika, ukuta unangoja.

Mwaka wa tano nikamuasi Fundi Lali.
Yeye alitaka mawe ya matumbawe, ukuta unene wa dhiraa.
Mimi nilitaka bloku za inchi sita na mabati ya buluu,
kama nyumba za kwenye kalenda.
"Nyumba ni yako," akasema, "lakini yua si lako."
Nikashinda. Nikahamia.
Na saa saba mchana mama akatoka na mkeka wake
akaenda kulala kwa jirani.

Kaka yangu Famau, huko Jeddah, akasikia.
Hakusema neno. Akatuma kiyoyozi,
boksi zima, rimoti ingali ndani ya plastiki.

Nikamwita Somoe wa Kizingitini, fundi wa sola,
vidole vya hina, mkanda wa bisibisi juu ya buibui.
Akapanda batini saa saba ile ile,
akashuka anapuliza viganja.
Akaomba kalamu, akaandika wati.
Taa tano: si kitu.
Feni mbili: si kitu.
Friji ya barafu za ukwaju: tutaiweza.
Kiyoyozi: akaandika, akakata, akaandika tena,
akanionyesha kama daktari anavyoonyesha picha ya mapafu.
Paneli kumi. Betri za bei ya shamba.
"Na zote hizo," akasema, "ni za kupoza bati, si mama."
Kisha, anafunga mkoba, wala hakujua kama ametunga:

*Kwanza lizuie jua,
ndipo uliite jua.*

Tukaanza kuzuia.
Fundi Lali alirudi. Hakucheka, na haki ya kucheka alikuwa nayo.
Bati likapakwa chokaa, likawa jeupe kama kanzu ya Idi;
chini yake dari ya boriti na mikeka mikuukuu,
katikati tukaacha nafasi, upepo upite.
Dirisha la magharibi tukaliziba kwa mawe.
La kusini tukalipanua, kusi iingie bila hodi,
na juu ya mlango wa uani tukatoboa tundu,
maana mgeni asiyeonyeshwa mlango
halaumiwi kwa kukaa.

Mama akarudi na mkeka wake. Hakusifu.
Alilala mpaka alasiri.

Ndipo paneli zikapanda, tatu tu.
Somoe akaniapisha: kila Ijumaa maji baridi na kitambaa,
chumvi ya hapa haina adabu.
Kunguru wamezipenda. Nao nimewaandika.

Jioni ya kwanza friji ikaguna,
mama akauliza baridi inaingilia wapi.
"Hakuna baridi inayoingia," Somoe akamjibu.
"Huyu ni hamali. Anabeba joto la ndani, analitua nyuma.
Joto haliuawi, mama. Linahamishwa."
Mama akapeleka mkono nyuma ya friji
akauacha hapo,
kama anapima homa ya mtoto.

Kiyoyozi kingali ndani ya boksi, pembeni mwa ukumbi.
Paka amezalia nyuma yake.
Famau akipiga simu huuliza, "Kinafanya kazi?"
Nami humwambia nyumba imepoa, alhamdulillahi,
jambo ambalo ni kweli,
kisha humuuliza habari za watoto.

Leo alfajiri nimekuta nyuma ya friji
sufuria imefunikwa kanga:
unga wa mahamri, unaumuka, unaisukuma nguo.
Nikanyosha mkono.
"Usifunue," mama akaita kutoka chumbani.
"Bado."